Kwa Miezi Saba Tulikuwa Watatu

Kwa miezi saba ndoa yangu ilikuwa na mtu wa tatu. Mwembamba, mrefu wa wastani, hana maneno mengi, na tulikwenda naye kila mahali: kazini, sokoni, harusini, hata ukweni Morogoro siku ya Krismasi. Kabla hujaanza kunihukumu, mpenzi msomaji, acha nimtaje. Alikuwa mti wa deki.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kuushikilia mlango wa nyuma wa gari letu usitudondokee vichwani. Mlinzi wa ofisini kwetu ndiye aliyeukata kwa msumeno mpaka ukafika kimo kinachotakiwa, mke wangu akaufunga kipande cha kanga upande wa juu usikwaruze rangi, na tangu siku hiyo ukapata makazi ya kudumu kwenye buti. Waliopanda gari letu walijifunza haraka. Ukisikia "shika mti", unashika mti, huulizi.

Gari lenyewe ni Toyota Ipsum ya mwaka 2003, ile ya umbo jipya, tuliyoinunua 2021 kwa kuunganisha mkopo wangu wa SACCOS na pesa zake za kikoba. Nani alitoa zaidi? Hilo tuliache, lilishatugombanisha vya kutosha. Ninachotaka ujue ni kwamba gari ni letu sote, ila hatulitumii sawa. Mimi ni mtu wa ofisi na nyumbani, kwangu buti ni mahali pa kuweka mwavuli. Mwenzangu Jumatatu mpaka Ijumaa anafanya kazi ya bima, wikiendi anaoka keki za sendofu, kipaimara na bethidei. Kwake yeye buti ndiyo duka.

Basi, Julai 2023 akaanza kulalamika kwamba mlango wa nyuma unashuka.

"Unashuka vipi?"

"Unashuka, baba Neema. Nikiinua unakaa kidogo, halafu unaanza kuja taratibu kama mtu mwenye usingizi."

Nikatoka nje kuuangalia. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la Dar likiwa kazini. Nikauinua, ukapanda mpaka juu na kutulia tuli. Nikauacha dakika nzima, nikarudi ndani na ushahidi wangu. "Mlango mzima kabisa. Wewe unauinua nusu."

Walio kwenye ndoa wanajua kwamba "unauinua nusu" haihusu mlango peke yake.

Jumamosi iliyofuata alitoka alfajiri na keki ya mteja. Akanipigia simu kutoka Tabata, mlango umemwegemea mgongoni na mikono yake yote miwili iko chini ya boksi. Jioni nikaujaribu tena, ukakaa. Nikamwambia tena maneno yaleyale. Tulikwenda hivyo wiki mbili, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, na ukweli ni kwamba wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Nilikuja kuelewa baadaye sana. Ule mlango unashikiliwa na vyuma viwili vyeusi, kimoja kila upande, ambavyo mafundi wetu wanaviita shokapu za buti. Ndani ya kila kimoja kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa, mara makumi kadhaa ya ile ya tairi la gari, pamoja na mafuta kidogo. Gesi ndiyo inayoisukuma ile fimbo itoke na kuubeba mlango. Sasa gesi ikipoa nguvu inapungua, ikipata joto nguvu inaongezeka. Alfajiri ya Julai Dar kuna nyuzi 20 hivi. Gari lililoshinda juani, chuma chake kinafika nyuzi 45 na zaidi. Tofauti hiyo peke yake inaipa gesi karibu asilimia 8 ya nguvu ya ziada, na shokapu inayoelekea kufa inahitaji hiyohiyo asilimia 8 ili ijikaze mbele ya watu. Alasiri inashika, alfajiri inaachia. Mimi nilikuwa mume wa alasiri, yeye alikuwa anatoka alfajiri.

Mwisho wa mwezi hata jua halikusaidia. Ile fimbo inayong'aa ikaanza kuwa na utelezi wa mafuta meusi, mke wangu akauharibu mkono wa blauzi yake nyeupe kwa sababu hiyo, na ndipo mti wa deki ulipoingia kwenye familia. Mimi nikatamka lile neno ambalo wanaume tunalipenda kuliko jina la mama mkwe: "Nitalishughulikia."

Na jamani, nililishughulikia kweli. Hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

Ilikuwa Septemba, saa ya chakula cha mchana. Nikatoka ofisini mbio mpaka Gerezani, Kariakoo, nikiwa na shati la mikono mirefu na tai shingoni. Kwa asiyepajua Gerezani, ni mahali ambapo bei ya spea inapangwa kwa kuangalia shingo ya mteja kwanza. Kijana mmoja akanidaka kabla sijavuka barabara. "Bosi wangu, unatafuta nini?" Nikamwambia shokapu za buti za Ipsum. Akapotea kwenye vichochoro, akarudi na jozi ya mtumba, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. "Hizi zimetoka Japani moja kwa moja, bosi. Sukuma mwenyewe uone zilivyo ngumu."

Nikaisimamisha moja chini, nikaisukuma kwa mkono. Haikushuka hata kidogo. Nikajiona fundi. Nikalipa elfu tisini bila hata kuomba ipunguzwe sana, maana nilikuwa natazama saa.

Kwenye maegesho ya ofisi nikazitoa kwenye gazeti, nikaiweka moja sambamba na ile ya kwenye gari. Fupi kwa vidole vitatu. Nikaegemea ya pili kwa uzito wangu wote ili nijue afya yake, ikashuka kwa mlio wa bawaba ya kaburi, ikabaki hukohuko chini. Haikurudi. Kumbe ugumu wake haukuwa wa gesi, ulikuwa wa kutu. Na ule mng'ao ulikuwa rangi ya kupuliza, ilibaki kwenye vidole vyangu mpaka kesho yake.

Kesho yake hiyo nikarudi Gerezani. Pale nilipouziwa palikuwa na kijana mwingine anauza chapati. Nikauliza, watu wakaniangalia kwa huruma ile ya kumwangalia mtu aliyevaa tai.

Sasa sikiliza kosa langu, maana kuibiwa si kosa. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwambia mke wangu tubane matumizi. Nilikuwa nimekataa kumwongezea elfu hamsini ya kununua mikebe ya kuokea, kwa hotuba ndefu yenye neno "bajeti" mara tano. Ningerudije nyumbani na kusema mimi mwenye hotuba nimetupa elfu tisini kwa dakika kumi? Nikazifunga zile shokapu kwenye gazeti lake, nikazisukumia chini ya siti ya nyuma kabisa ya gari, nikanyamaza. Nilijiambia nikipata nyingine nitazinunua kimyakimya, nitazifunga, na hakuna atakayejua.

Mwezi ukapita, ada ya shule ikaingia. Mwezi mwingine, msiba. Desemba, unaijua mwenyewe. Kila aliponiuliza nilijibu "nipo kwenye mchakato," na mti wa deki ukaendelea na utumishi wake uliotukuka.

Februari 2024, Jumamosi, alikuwa anapeleka keki ya sendofu ya ngazi tatu kwenye ukumbi mmoja Mbezi Beach. Mimi nilibaki nyumbani na mtoto. Upepo wa bahari ulikuwa mkali siku hiyo. Mti wa deki una udhaifu mmoja ambao sikuwahi kuufikiria: unaweza kuzuia mlango usishuke, hauwezi kuzuia usipande. Upepo uliuinua mlango kidogo tu, mti ukakosa cha kushikilia, ukaanguka. Upepo ulipoachia, mlango wote ukaja, na kioo chake, na mota ya waipa, na taa zake. Mke wangu alikuwa ameinama ndani anaivuta keki.

Ulimpata begani na nyuma ya shingo. Akaangukia keki.

Nilifika hospitali kwa bodaboda. Daktari alisema hakuna kilichovunjika, ni msuli, apumzike, asinyanyue kitu kwa siku kumi. Nilimkuta amekaa kwenye benchi na krimu nyeupe kwenye nywele, anazungumza kwa simu na mama wa binti wa sendofu. Aliomba radhi, akaahidi kurudisha pesa yote, akakata. Hakunipigia kelele. Ningeshukuru angenipigia.

Usiku, mtoto amelala, mke wangu akakaa kitandani na mfuko wa barafu shingoni.

"Zile shokapu zilizo chini ya siti," akasema, "ulinunua shilingi ngapi?"

Nikahisi damu inanikimbia. "Elfu tisini."

"Nilizikuta tangu Oktoba."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, taratibu, bila ukali: "Kila Jumamosi nikishika ule mti najisemea, leo atazifunga. Spea anazo. Amezinunua, zimekaa humuhumu garini, ni kazi ya nusu saa tu. Nikaona basi, kumbe pesa siyo tatizo. Tatizo ni kwamba anayeinama kwenye hilo buti ni mimi."

Hapo ndipo nilipoumia. Miezi yote ile nilikuwa naficha ujinga wangu, na yeye alikuwa anasoma kitu kingine kabisa: kwamba mume wake ana dawa mfukoni na amemwacha aumwe. Nikamweleza yote usiku huo. Yule kijana, tai, rangi ya kupuliza, muuza chapati. Nilipofika kwenye muuza chapati alicheka, halafu akashika shingo kwa maumivu, halafu akaanza kulia. Sijui kama alikuwa analilia shingo.

"Jumatano nina ruhusa ya daktari," akasema baadaye, taa imeshazimwa. "Tutakwenda wote. Na tai uiache nyumbani."

Tulikwenda na kila kitu. Yeye alibeba kadi ya gari, daftari lake la oda za keki, na futi ya fundi cherehani. Mimi nilibeba wagonjwa wenyewe, maana asubuhi hiyo nilizifungua shokapu zetu za zamani huku mlango ukiwa umeegemezwa kwa mti na kufungwa kamba juu, nikaufunga mlango tukaondoka nao hivyohivyo. Nakushauri ufanye kama sisi: usiende kununua kwa maneno, nenda na ile iliyokufa. Maneno yana tafsiri, chuma hakina.

Tulipita maduka matatu kabla ya kumpata mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa, amekaa nyuma ya kaunta anasikiliza redio. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibuni." Tukamwambia shida yetu. Akaniuliza swali ambalo yule kijana wa Septemba hakuniuliza: "Ipsum ipi?"

Nikababaika. Mke wangu akafungua kadi ya gari na kumsomea chesisi, inaanza na ACM21. Mzee akatikisa kichwa akiridhika. Akatueleza kwamba kuna Ipsum mbili. Ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2001, chesisi zake utaona SXM10 au SXM15. Ya pili ilianza 2001 ikaishia 2009, hizo ni ACM21 na ACM26. "Jina moja, magari mawili. Anayekuuzia bila kukuuliza chesisi, anakuuzia chuma tu." Nikamwonyesha zile za elfu tisini, nilikuwa nimezibeba kwa ajili hiyo. Akazigeuza mara moja. "Hizi hata za Ipsum sizo."

Mke wangu aliangalia pembeni kwa heshima.

Mzee akatupa darasa ambalo lilistahili kulipiwa. Kitu cha kwanza ni urefu, na urefu wa shokapu hupimwa ikiwa imenyooka yote, kutoka katikati ya kifungio cha juu mpaka katikati ya kifungio cha chini, siyo ncha mpaka ncha. Ukipata ndefu zaidi, mlango hautafunga au utapinda. Ukipata fupi, mlango hautafika juu, na mrefu kama mimi ataugonga kila siku kwa paji la uso. Cha pili ni nguvu. Kwenye bomba huwa kuna namba inayofuatwa na herufi N, ni nyutoni. Kila nyutoni 10 ni kama kubeba kilo moja. Za kwetu maandishi yalishafutika, imebaki N peke yake kama kaburi lisilo na jina, ndiyo maana mzee alifuata kitabu chake cha namba za spea. Kwa Toyota nyingi, namba ya shokapu ya buti ya kulia inaanza na 68950, ya kushoto 68960. Yaani hata kulia na kushoto zina namba tofauti, kwa hiyo ukiuziwa "jozi" ya kulia mbili, utalia.

Nikamuuliza kama siwezi kuchukua zenye nguvu zaidi, nisije kurudi hapa tena maishani. Akacheka. Ukizidisha, alisema, mlango utapanda kama umetumwa, bawaba zitaumia, na mkeo atahitaji kuning'inia ili aufunge. Anayehitaji nguvu zaidi ni yule aliyeongeza uzito, labda amefunga spoila kubwa nyuma. Nikamweleza pia kwamba fundi wa mtaani kwetu aliahidi kuzitoboa zile za zamani na kuzijaza gesi upya kwa elfu ishirini. Mzee akazima redio. "Mwambie kijana huyo asiguse. Hicho si kitu cha kutoboa, si cha kuchomea, si cha kutupa motoni. Kinaruka kama risasi."

Tukafika kwenye bei. Za mtumba alikuwa nazo, akasema wazi kwamba ya mtumba ni bahati nasibu, kwa sababu ilizaliwa siku moja na ile iliyokufa kwako. Ukilazimika kuinunua, iegemee kwa uzito wa mwili. Nzima inashuka polepole na laini, bila kukwama, halafu ukiachia inarudi yenyewe mpaka mwisho. Isiposhuka kabisa imeshika kutu, ikishuka kirahisi imeshaisha gesi, ikiwa na mafuta kwenye fimbo iko njiani. Orijino za kuagiza zilikuwa mara tatu ya pesa tuliyokuwa nayo. Katikati kulikuwa na mpya za kampuni nyingine, kwenye boksi, jozi laki moja na arobaini. Mke wangu akazipima kwa futi yake ya cherehani, akalinganisha na za zamani, akaandika kwenye daftari chini ya oda ya bethidei ya mtu, halafu akaanza kuzungumza na mzee kwa sauti ile anayoitumia na wauza mayai. Tulitoka kwa laki moja na ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama tu nashikilia gazeti.

Kuzifunga tulizifunga Jumapili mchana, uani. Kijana wa jirani tulimpa kazi ya kushika mlango, na mti wa deki ukapewa kazi yake ya mwisho, kumsaidia kijana. Kama za zamani bado ziko kwenye gari lako, usizitoe zote kwa pamoja kama nilivyofanya mimi siku ya Jumatano. Toa moja, funga mpya, ndipo uende upande wa pili, ili mlango usibaki yatima.

Vifungio vyenyewe si vya kutisha. Kwenye gari letu, upande mmoja ni bolti, upande mwingine ni kikombe kidogo kinachokaa juu ya gololi ya chuma. Kikombe kinazuiwa na klipu nyembamba ya waya. Klipu hiyo unaiinua kidogo tu kwa bisibisi bapa ndogo, kikombe kinaachia. Kidogo tu, nimesema. Mimi niliing'oa kwa nguvu za mtu mwenye hatia, ikaruka "ting!" na mpaka leo iko mahali fulani kwenye mchanga wa uani. Ahsante Mungu ilikuwa ya shokapu iliyokufa. Tukafuta gololi kwa tambara, tukapaka grisi kidogo.

Ya kwanza nikaifunga haraka, nikasimama kando na mikono kiunoni. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo, haruhusiwi kunyanyua kitu, anasoma mchoro ulio kwenye boksi.

"Umeifunga kichwa chini."

"Itafanya kazi vilevile."

"Hapa wamechora fimbo inaangalia chini mlango ukiwa umefungwa."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie kwamba haina tofauti. Kisha nikakumbuka "unauinua nusu." Nikamuuliza, "Kwa nini chini?"

Hakujua, tukafikiri wote. Kijana wa jirani, anayesoma ufundi chuoni, ndiye aliyetutegua, huku jasho linamtoka chini ya mlango. Mle ndani kuna yale mafuta kidogo. Fimbo ikiangalia chini, mafuta yanakaa juu ya sili, ile mpira inayozuia gesi isitoke, na kuiweka laini. Ukiigeuza, sili inakaa kavu, inakauka, inapasuka, gesi inatoroka polepole mpaka unarudi Gerezani. Pia mafuta hayohayo ndiyo yanayoufanya mlango upunguze mwendo unapokaribia mwisho wa kupanda badala ya kujigonga. Nikaifungua, nikaigeuza. Nikasukuma kikombe kwenye gololi, kikalia "ta!" Upande wa pili nilimwachia mke wangu asukume kwa kiganja cha mkono mzima. "Ta!" Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mbezi Beach.

Kijana akaachia mlango. Haukushuka. Tukauondoa mti. Haukushuka. Nikaufunga, nikabonyeza kitasa na kuusogeza kidogo, ukaondoka mkononi mwangu wenyewe, ukapanda, karibu na juu ukapunguza mwendo, ukatulia. Tukaufungua na kuufunga mara nane hivi kama watoto, mpaka mama mwenye nyumba akachungulia dirishani kuuliza kama tunahama.

Jumamosi iliyofuata niliamka naye saa kumi na moja alfajiri. Hakuniomba. Nje kulikuwa na ubaridi kidogo na giza, nikasimama nyuma ya gari na kandambili, yeye akiwa na boksi la keki mikononi. Nikabonyeza kitasa. Mlango ukapanda. Tukasimama pale tukiuangalia kama dakika nzima, hakuna aliyesema kitu, halafu akaingiza boksi lake na kuondoka.

Mti wa deki umerudi kwenye deki, ingawa ni mfupi na dada wa kazi analalamika mgongo. Naambiwa nilishughulikie. Zile shokapu za elfu tisini nilitaka kuzipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini mke wangu alikataa. Alizifunga tena kwenye gazeti lake, akazirudisha chini ya siti ya nyuma kabisa.

"Ziache hapo hapo," alisema.

Ziko hapo mpaka leo.